"Na sisi tunapata nini?" Jibu kwa anayetaka kurekodi kina mama wa kokoto

Swali la msomaji:

Shikamoo dada. Nina miaka 23, naishi Dar, nimesoma kozi fupi ya video na nina simu nzuri tu pamoja na maiki ya kubana kwenye nguo. Nataka kutengeneza dokumentari fupi kuhusu kina mama wanaogonga kokoto kule machimbo ya Kunduchi, shangazi yangu aliifanya hiyo kazi miaka mingi na ndo iliyosomesha watoto wake. Nimeshaenda mara mbili. Mara ya pili mama mmoja aliweka nyundo chini akaniuliza, "Mwanangu, wamekuja wengi hapa na makamera yao, wanatupiga wanaondoka. Na sisi tunapata nini?" Nikakosa la kusema, nikaaga nikaondoka. Niendelee au niache? Na kama niendelee, nifanyeje nisije nikawa nawatumia tu?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na usiache. Huyo mama hajakufukuza, amekuuliza swali, na mtu hamuulizi swali mtu ambaye ameshamkatia tamaa. Mimi kazi hii ya dokumentari nimeifanya miaka mingi sasa, nimeediti za wenzangu na nimetengeneza zangu, na zile zilizokuja kunitia aibu baadaye ni zile ambazo hakuna aliyeniuliza hilo swali, au aliuliza nikapita kama sijasikia.

Ila usikimbilie jibu jepesi. Najua litakuja kichwani, lile la "mama, sauti yenu itasikika, dunia itawajua". Sisi watu wa kamera tunalipenda sana hilo neno. Mama atakuitikia kwa adabu, "haya mwanangu", atarudi kwenye jiwe lake na wewe utadhani umekubaliwa, kumbe amekuvumilia tu. Wengi waliokuja kabla yako walimwambia hivohivo.

Nianzie Mwanza maana ndipo nilipojifunza kulichukulia hili jambo kwa uzito. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtu wa Austria anayeishi Ufaransa, alitoa dokumentari iitwayo Darwin's Nightmare, huku kwetu tuliizoea kama filamu ya mapanki. Ni habari ya sangara wa Ziwa Victoria, minofu inakatwa kiwandani inapakiwa kwenye ndege inaenda Ulaya, alafu wenyeji wanabaki na kichwa na mifupa, hayo ndo mapanki, yanaanikwa juani kwenye vichanja kisha yanakaangwa yanauzwa. Filamu ikazunguka dunia ikafika mpaka kuwania Oscar mwaka 2006. Mwaka huohuo Rais Kikwete akiwa Mwanza akaishambulia kwamba inachafua jina la nchi, watu wakaandamana barabarani kuipinga, na mwandishi wa habari wa Kitanzania aliyeonekana ndani yake akapata misukosuko mikubwa.

Watu wamebishana miaka kama alichodokeza Sauper ndani ya filamu, kwamba ndege hizo huja na silaha, kilithibitishwa au la, mi sitaingia huko. Ninachotaka ukione ni vitu viwili. Cha kwanza, ile filamu ilimfuata samaki. Haikuganda kwenye uso wa mtoto mwenye njaa, ilienda kiwandani, ikaenda uwanja wa ndege, ikakaa na marubani wakipiga soga usiku, mpaka mtazamaji anajua minofu imeenda wapi na kwa nini mifupa imebaki. Hiyo ni nguvu na nataka uiibe. Cha pili ni hicho kilichotokea baadaye, kwamba aliyetengeneza makazi yake Ufaransa na walioonekana makazi yao Mwanza, hasira ilipokuja ikawaangukia waliokuwa karibu. Swali la yule mama wa Kunduchi lina hilo ndani yake hata kama yeye alikuwa anafikiria pesa. Anachouliza ni kwamba wewe ukiondoka, sisi tunabaki na nini.

Sasa tuanze na kufuata.

Ukienda machimboni macho yako yataenda kwenye mikono, huwezi kujizuia. Vidole vimefungwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili nyundo ikiteleza isimalize ukucha. Jiwe limezungushiwa pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi, mama anaishika pete kwa mkono wa kushoto, jiwe linakaa katikati halikimbii, nyundo inashuka, vipande vinabaki ndani ya pete badala ya kumrukia machoni. Ule mpira ni ubunifu wa mafundi ambao hakuna chuo kiliwafundisha. Ipige hiyo picha, ipige kwa ukaribu na kwa muda mrefu, sekunde arobaini bila kukata, mtazamaji aanze kuhesabu mwenyewe ni nyundo ngapi kwa konzi moja ya kokoto.

Lakini ukiishia hapo umetengeneza filamu ya huruma, na huruma haijawahi kupandisha bei ya ndoo. Ifuate kokoto yenyewe. Nani anakuja na lori? Anapima kwa kipimo gani na kipimo ni cha nani? Mama anauza kwa bei gani na ikifika kwa mwenye saiti inauzwa bei gani? Jiwe lenyewe mama analipata vipi, ananunua kutoka kwa wapasua miamba au anaokota? Eneo ni la nani na kuna anayetoza? Panda hilo lori ukikubaliwa, fika mpaka pale kokoto inapochanganywa na saruji inamwagwa kuwa sakafu ya nyumba ya mtu. Picha ya mwisho ikiwa mtu anatembea na viatu vyake juu ya sakafu inayong'aa, huna haja ya kusema neno lolote juu yake.

Kuna filamu ya Kenya nakushauri uitafute, The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ya 2019, iliyotumwa na Kenya kugombea Oscar. Inahusu bibi wa Pwani ya Kenya anayetuhumiwa uchawi na watu wa ukoo wake mwenyewe. Mwingine angeifanya iwe habari ya ushirikina, mwafrika na uchawi wake, tumeziona hizo mpaka tumechoka. Wao walikaa na ile familia, wakasubiri, na taratibu unaanza kuona kwamba chini ya neno uchawi kuna ardhi, kuna nani atarithi shamba. Hicho ndo nakuambia utafute, kilicho chini. Kwa kina mama wako naamini kipo kwenye kipimo na bei, lakini wewe ndo utakayekaa nao, usinisikilize mimi.

Na kukaa nao maana yake ni kukaa kweli. Siku za mwanzo acha simu mfukoni. Omba nyundo, ugonge, uumie kidole, ujue mkono unavyokufa ganzi saa nne asubuhi. Sisemi ufanye hivo kujionyesha, ila ukishagonga maswali yako yatabadilika yenyewe. Utaacha kuuliza "mama unajisikiaje" utaanza kuuliza "kwanini leo mmeleta jiwe gumu".

Ulizia pia kikoba chao. Sijawahi kuona kundi la kina mama wanaofanya kazi pamoja miaka kumi halafu hawana kikoba wala upatu, wala mtu wao wa kwenda kumsemea mwenzao akidhulumiwa. Filamu nyingi za haki zinawaonyesha watu wakiumia tu, hazionyeshi wanapodai, na hapo ndo mtu maskini anafanywa kama mti, wa kuhurumiwa na wa kupigwa picha. Dieudo Hamadi wa Kongo alinifungua macho kwa hili. Mwezi wa sita mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wa Kisangani, mji wa watu wengine kabisa, raia wakafa na wengine wakabaki bila miguu wala mikono. Miaka ishirini baadaye Hamadi akatoa filamu yake En route pour le milliard. Haanzi kwa kuwaliza. Anawafuata wanachama wa umoja wa wahanga wanavyoamua kupanda boti kushuka Mto Kongo kilomita zaidi ya elfu moja mpaka Kinshasa kwenda kudai fidia yao. Utawaona wanagombana nani aende nani abaki, mvua inawanyea wanahangaika na turubai, wanatafuta pa kuweka miguu ya bandia wakilala, wanafika bungeni wanazuiwa getini. Na katikati anaweka vipande vya mchezo wa jukwaani walioutunga wao wenyewe. Ukimaliza kuiangalia huwaonei huruma, unataka walipwe. Kamera alishika mwenyewe, kwa hiyo usiniambie huna timu.

Tukija kwenye nani ashike kamera. Wewe una simu moja, lakini miongoni mwa hao kina mama au watoto wao kuna wenye simu pia, hata kama kioo kimepasuka. Kisilu Musya ni mkulima wa Mutomo, kaunti ya Kitui. Julia Dahr wa Norway alipokuja kutengeneza filamu kuhusu hali ya hewa alimpa kamera ndogo, na Kisilu akairekodi familia yake mwenyewe kwa miaka, ukame, mafuriko, upepo ulipoibomoa nyumba yao. Ikatoka 2017 kwa jina Thank You for the Rain, naye ametajwa kama mshiriki wa kuitengeneza. Kuna vitu mule ambavyo mgeni asingevipata hata akae mwaka mzima, kwa sababu mgeni anakuwa hotelini upepo ukivuma, Kisilu yuko chini ya hilo bati.

Na hili si jipya kwetu. Miaka ya 1990 kule Mtwara na Lindi kikundi cha Maneno Mengi kilikuwa kinafanya video na wanavijiji wa pwani kuhusu uvuvi wa baruti uliokuwa unamaliza matumbawe. Wavuvi wanasema mbele ya kamera, wanakaa pamoja wanajiangalia, wanabishana, wanarekodi tena, na video inabebwa kwa kijiji kingine na kwa wakubwa wa serikali ambao wasingefika kule kwa miguu yao. Kamera ikawa kama mjumbe anayetumwa na kurudi na majibu. Kanada walishafanya kitu cha namna hiyo mwaka 1967 kwenye kisiwa cha Fogo, serikali ilikuwa inataka kuwahamisha wavuvi, zikatengenezwa filamu fupi 27 wakaonyeshwa wao kwanza, wakaona kumbe matatizo yao ni mamoja kijiji hadi kijiji, wakaunda ushirika wao wa uvuvi na hawakuhama.

Unaona jibu la mama linapoanza kujengeka? Anaweza kupata chombo cha kusemea anachotaka kusema, kwa mtu anayetaka amsikie. Kwa hiyo kikao chako cha kwanza muulize hivi: mama, ukiwa na dakika kumi za video, ungetaka nani akae aziangalie? Akikuambia mwenyekiti wa mtaa, au mwenye malori, au binti yake aliyeko mkoani, ujue hiyo ni filamu tofauti kabisa na uliyokuwa nayo kichwani, na mi naamini ni nzuri zaidi.

Sasa idhini, na hapa naomba usome polepole kwa sababu mimi mwenyewe niliumiza mtu.

Zamani kidogo nilitengeneza filamu fupi kuhusu wasichana wa kazi za ndani. Mmoja alikubali kuongea kwa sharti uso usionekane. Nikampiga kwa nyuma, taa hafifu, sauti nikaibadilisha ikawa nzito, nikaridhika nimemlinda. Ilipoonyeshwa, bosi wake hakuhitaji uso. Alitambua kanga. Ilikuwa kanga aliyompa yeye mwenyewe sikukuu, na kona ya jina la kanga ilionekana maneno mawili tu pale begani. Kesho yake yule binti alikuwa nje na begi lake. Nilimtafuta, nikamsaidia nilivyoweza, lakini kazi aliyokuwa anamtumia mama yake pesa ilishakwenda kwa sababu ya mimi kuangalia uso nikasahau nguo.

Tangu hapo nikificha mtu naficha kila kitu, kanga, pete, kovu, ukuta wenye picha, mlango, mlio wa adhana ya msikiti unaojulikana. Sauti ya kubadilishwa kwa kompyuta siiamini tena, kuna watu wanaweza kuirudisha, bora mtu mwingine asome maneno yake. David France kwenye filamu yake ya 2020, Welcome to Chechnya, aliwavalisha wahusika wake, watu wa Chechnya waliokuwa wanawindwa kwa kupenda wa jinsia yao, nyuso za watu wengine kwa kompyuta kwa sababu kujulikana kwao kulikuwa ni kifo. Sisi hatuna bajeti hiyo, lakini tuna mikono, vivuli, nyundo na sauti ya mtu mwingine. Na pale ambapo haiwezekani kabisa kuficha, tunga. Amil Shivji na Shoeshine yake ya 2013 alitumia mtoto mng'arisha viatu wa kutunga kuuonyesha mji wa Dar kwa jinsi unavyoonekana kutokea chini, na ni kweli tupu.

Idhini usiichukue mara moja kwa kusainisha karatasi. Karatasi mama anaweza kusaini kwa kukuheshimu tu. Ichukue mara tatu. Kabla ya kurekodi, kwa Kiswahili cha kawaida, huku unarekodi sauti, umwambie filamu itakwenda wapi na wapi, na umtajie mabaya kwa majina yake: mwenye eneo akiiona je, mkweo je, mwanao akitaniwa shuleni je. Mara ya pili mkimaliza kurekodi, kwa sababu sasa anajua amesema nini. Mara ya tatu akishaangalia ilivyoeditiwa. Na akikuambia toa hapa, unatoa. Itakuuma, nimeshatoa sehemu ambayo ilikuwa moyo wa filamu, nililia, lakini nilitoa. Usisahau pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Watoto wao watakuwepo pale machimboni baada ya shule, hao usiwaguse usoni kabisa bila mzazi, na hata mzazi akikubali jiulize mtoto akifika miaka ishirini ataifurahia.

Pesa. Hili watu wanaliogopa, ngoja niliseme wazi. Waandishi wa habari wana kanuni ya kutomlipa mtu kwa ajili ya maneno yake, na sababu ni nzuri, ukinunua maneno utauziwa unayotaka kusikia. Lakini mtu anayelipwa kwa ndoo, ukimkalisha saa tatu unamhoji umemchukulia ndoo zake, na hiyo si kanuni ya habari tena, hiyo ni kumla mtu kibarua chake. Kwa hiyo usilipie maneno, fidia muda. Kaeni wote, mpange hadharani kiasi cha nusu siku na cha siku nzima, kiwe sawa kwa anayeongea na asiyeongea ila kazi yake imesimama, na chai na chakula viwe juu yako. Usimpe mmoja kwa siri, utawagombanisha na utaondoka umewaachia hilo. Ikija kushinda zawadi ya pesa, sema leo asilimia ngapi inakwenda kwenye kikoba, andikeni mwenyekiti wa kikoba abaki na nakala. Na usiahidi mfadhili, wala bima, wala nyumba. Kama huna uhakika nacho usikitaje kabisa.

Vibali vifupi tu: barua ya serikali ya mtaa kwanza, maana bila hiyo mjumbe ndo atakuwa wa kwanza kukuuliza, kisha mwenye eneo, kisha Bodi ya Filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali cha kutengeneza na filamu ipitiwe kabla ya kuonyeshwa kwa umma, na kanuni za maudhui ya mtandaoni zinaweza kukugusa ukitaka kuirusha mwenyewe. Nenda kaulize mapema, usingoje imeshaisha. Na ujiandae kwamba bodi yaweza kukataa, jirani zetu Kenya mwaka 2021 waliipiga marufuku I Am Samuel ya Peter Murimi, iliyomfuata kwa miaka kadhaa kijana anayempenda mwanaume mwenzake na wazazi wake wanavyojaribu kulibeba hilo. Kama wahusika wako wanategemea filamu ionyeshwe ili wapate kitu, waambie mapema kwamba mlango unaweza kufungwa.

Ufundi sitakuchosha kwa sababu umesomea. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, ukipiga usiku kwenye taa za nyumbani kwao picha haitapepesa. Zima mtandao wa simu unaporekodi. Vipande vya mawe vinaruka, kaa pembeni ya nyundo usikae mbele yake, lenzi ikipasuka hakuna filamu, jicho likipasuka ndo mbaya zaidi, vaa miwani. Sauti ndo itakayokusumbua: nyundo zikiwa ishirini mama hasikiki hata maiki iwe kifuani. Rekodi mazungumzo mapema kabla hawajaanza au jioni wakinawa miguu, halafu rekodi nyundo peke yake dakika tano, moja moja na zote kwa pamoja. Ile nyundo ndo muziki wa filamu yako, nakusihi usiweke kinanda cha huzuni juu yake. Kila jioni nakili kila kitu sehemu mbili, moja isikae nyumba moja na nyingine. Kuediti, DaVinci Resolve ya bure inatosha kabisa.

Urefu usizidi dakika kumi na mbili. Waandaaji wa Oscar wanahesabu filamu fupi mpaka dakika 40, lakini hiyo haimaanishi uzijaze. Na ukiona inakua mikononi mwako iache ikue, Softie ya Sam Soko wa Kenya, inayomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi, ilianza kama video fupi ikachukua miaka, ikaja kushinda tuzo ya uediti kwenye tamasha la Sundance kule Marekani 2020, na ikawa filamu ya ndoa na watoto kama ilivyo ya siasa.

Ikishaeditiwa mara ya kwanza, ikiwa bado mbichi, usiitume kwa mtu yeyote wa tamasha. Kodi kibanda umiza cha jirani na machimbo kwa saa mbili mchana ambapo hakuna mechi, au omba projekta na shuka jeupe, uwaite kina mama wote na waume zao wanaotaka. Wewe usikae mbele, kaa pembeni uangalie nyuso zao badala ya kuangalia skrini. Andika wanapocheka. Andika wanaponyamaza. Andika hasa wanapoanza kupiga soga katikati ya filamu, pale umewadanganya au umewachosha, rudi ukakate. Watasema "mbona hujaweka siku tuliyomzika fulani", "mbona umetuonyesha tumechafuka tu, Jumapili hatuvai hivi". Hiyo ya Jumapili wataisema, naijua. Nenda ukawapige Jumapili.

Baada ya hapo ndo uanze kufikiria matamasha. ZIFF ya Zanzibar ipo tangu miaka ya tisini na Ngome Kongwe usiku ni mahali pazuri pa filamu ya Kiswahili kuonekana na watu wanaocheka mahali sahihi bila kusoma maandishi ya chini. Docubox ya Nairobi, iliyoanzishwa na Judy Kibinge, inasaidia watengenezaji wa Afrika Mashariki, na tamasha la Hot Docs la Kanada walikuwa na mfuko wa Blue Ice kwa dokumentari za Afrika, ulizia kama bado upo. Soma masharti, maana matamasha kadhaa hayapokei filamu ambayo imeshawekwa YouTube. Usilipe ada za matamasha ishirini usiyoyajua, chagua matatu.

Na ukipata nafasi ya kwenda kuionyesha Zanzibar, uliza kabla kama wanaweza kumlipia boti mama mmoja badala ya wewe kwenda na rafiki yako. Yeye ndo ajibu maswali baada ya filamu. We utashika maiki tu.

Jumamosi ukirudi Kunduchi mtafute yuleyule aliyekuuliza. Mwambie, mama, nilikosa jibu nikaenda kuuliza wakubwa, na mpaka sasa nina haya: siku zenu nitazifidia kwa kiasi tutakachopanga wote, hakuna kitakachotoka hamjakiona, atakayetaka kutoka atatoka, mtaniambia nani mnataka aione na nitahangaika aione, ikileta pesa kikoba kina fungu lake kwa maandishi. Alafu umwambie na lile usiloweza, kwamba bei ya ndoo siwezi kukuahidi. Nyamaza hapo umsikilize. Ikiwa atasema hapana, msalimie urudi nyumbani, na wiki inayofuata upite tena kumsalimia bila simu.

Jambo dogo la mwisho nililotaka kusahau: tenga kwenye bajeti hela ya memori kadi, moja kwa kila mama, filamu iwe imeshawekwa ndani na umeijaribu kwenye simu yake mwenyewe kwamba inacheza.